Masaa tisa ya transiti: mambo ninayomwambia kila anayesafiri kutokea KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro

Mama yangu anakaa Kibosho, na mara ya kwanza alipopanda ndege kwenda Ujerumani kumwona mjukuu wake alikuwa na masaa tisa ya transiti katikati, yani ya kusubiri ndege ya pili. Aliporudi ndo akanisimulia na niliumia sana, yani masaa yote tisa alikaa kwenye kiti kimoja mbele ya geti, begi kalipakata, hakula, hakunywa maji ili asiende choo, maana aliogopa akinyanyuka tu ndege itaitwa na yeye hayupo. Na lile geti lenyewe halikuwa la kwake, dada mmoja msafishaji ndo alimwona kabaki peke yake akamwuliza kwa ishara, akaangalia karatasi yake, akampeleka mbio mbio mpaka kwenye geti lenyewe.

Tangu siku hiyo ndugu au jirani akiniambia anasafiri namkalisha chini kwanza. Mi nafanya kazi ya utalii hapa Arusha, karibu kila Machi tunaenda kwenye maonesho ya utalii ya Berlin, kwahiyo transiti nimekaa nyingi, fupi kwa ndefu, na ninachokiona ni kwamba watu wetu wengi hawateswi na urefu wa masaa, wanateswa na kutojua. Mtu akishajua saa, geti na begi lake liko wapi, anatulia, na akitulia masaa tisa yanamtosha kula, kuoga, kulala na hata kwenda kuona mji.

Tuanze na saa maana hapo ndo wengi wanapotea kabla hata hawajafika njia panda ya KIA. Tiketi inaandikwa kwa saa za kimataifa, 00 mpaka 23, na sisi tunahesabu kwa Kiswahili. Tiketi ikisema 02:40 tarehe 14 hiyo ni saa nane na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 14, maana yake unatakiwa uwe KIA tarehe 13 usiku. Kuna watu wameagwa, wamechinjiwa mbuzi, wamefika uwanjani tarehe 14 usiku na ndege ilishaondoka jana yake, tena nawajua. Kwahiyo chukua kalamu, andika kwa mkono wako kwa Kiswahili, "Jumatatu usiku saa mbili niwe KIA", ubandike ukutani. Na ukiona pembeni ya saa ya kufika kuna alama ya kujumlisha na moja, ujue unafika kesho yake.

Sasa jambo zuri ambalo wengi hawalijui: Nairobi, Addis Ababa, Doha na Istanbul saa zao ni sawa na zetu, mwaka mzima, hakuna cha kujumlisha wala kutoa. Saa ya mkononi iache kama ilivyo. Dubai wako mbele yetu kwa lisaa limoja. Amsterdam na sehemu kubwa ya Ulaya magharibi wako nyuma, masaa mawili kipindi cha baridi na lisaa limoja kipindi cha joto, wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, so ukisafiri karibu na tarehe hizo angalia vizuri. Na Addis kuna kitu kitakufurahisha, Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi kabisa, asubuhi kukicha ndo saa moja, kwahiyo mhudumu wa mgahawa akikwambia saa tatu muulize anamaanisha ya kienyeji au ya kimataifa. Skrini za uwanjani zenyewe zinatumia za kimataifa.

Baada ya saa njoo kwenye tiketi, na hili ni la kufanya siku unanunua, sio siku unasafiri. Muulize wakala: hii ni tiketi moja au ni mbili zimeunganishwa? Kama safari yote iko kwenye bukingi moja, kwa kawaida begi kubwa linaenda moja kwa moja mpaka mwisho na ukichelewa ndege ya pili kwa sababu ya ile ya kwanza, kampuni inakutafutia nyingine. Kama ni tiketi mbili tofauti zilizonunuliwa kwa bei rahisi, hapo katikati unaweza kutakiwa uingie nchi ya watu, uchukue begi, ucheki-ini upya, na hiyo inataka viza, na ukichelewa ni juu yako. Bei inaweza kuwa nzuri ila piga hesabu ya hayo yote kwanza. Mi kwa mzee au mtu anayesafiri mara ya kwanza siruhusu kabisa tiketi mbili, bora aongeze hela.

Pale KIA ukicheki-ini usikimbilie kuondoka kaunta. Angalia ile karatasi wanayofunga kwenye begi, ina herufi tatu tatu, JRO ndo KIA yetu, ADD ni Addis, DOH Doha, IST Istanbul, AMS Amsterdam, NBO Nairobi. Herufi za mwisho wa safari yako lazima zionekane hapo. Ukiona imeishia pa transiti uliza hapo hapo, kwa sauti, bila aibu. Na kale kastika kadogo wanakokupa usikatupe, ndo ushahidi wako begi likipotea. Omba pia bodingi pasi zote mbili kama zinatoka, usipopewa ya pili uliza utaichukulia wapi. Ila kwa wanaoenda Marekani, ata kama begi limeandikwa mpaka mwisho, uwanja wa kwanza wa Marekani utakaotua lazima ulichukue, upite nalo forodha, halafu ulikabidhi tena, kwahiyo huko masaa mawili ya kuunganisha ni machache mno.

Viza ya kupita tu nayo wengi wanaisahau. Marekani hata kama hutoki nje ya uwanja lazima uwe na viza. Uingereza wana viza ya transiti na Watanzania tumo kwenye orodha ya wanaoihitaji, ingawa kuna misamaha kwa wenye viza za nchi fulani fulani. Kanada hivyo hivyo, usiende kichwa kichwa. Masharti haya yanabadilika, kwahiyo ingia kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe, usitegemee neno la shemeji aliyepita huko miaka sita iliyopita.

Na kabla hujalipa uliza kuhusu hoteli. Ethiopian Airlines wana utaratibu wa kumpa abiria hoteli, chakula na usafiri wa kwenda na kurudi kama transiti yake Addis ni ya masaa 8 mpaka 24 na hakukuwa na ndege nyingine ya mapema ya kuunganisha. Inategemea na aina ya tiketi, ndo maana nasema uliza kabla, upate jibu la maandishi. Nimeona watu wamelala kwenye viti Addis na baridi ile wakati walikuwa na haki ya kitanda, kisa hawakwenda kuuliza kaunta ya transiti.

Haya, begi la mkononi. La kwanza kabisa ni kanga au shuka la kimasai. Silitanii hili, shuka ni blanketi, ni mto ukilikunja, ni pazia ukitaka kubadilisha blauzi, ni la kufunika miguu, na linakauka haraka. Addis iko juu zaidi ya mita 2,300, usiku baridi yake inapita ya Arusha ya Julai, na mtu wa Moshi mjini aliyezoea joto atatetemeka. Doha na Dubai nje ni joto la kuchoma ila ndani viyoyozi vinapuliza kama friji. Soksi nzito, mswaki, nguo ya ndani moja na fulana moja, dawa zako zote za siku mbili tatu, usiziweke kwenye begi kubwa hata siku moja.

Chakula beba kikavu: vitumbua, chapati, karanga, ndizi mbivu. Maji na vyote vya majimaji zaidi ya mililita 100 vinachukuliwa kwenye ukaguzi, na transiti nyingi wanakukagua tena upya hata kama ulishakaguliwa KIA. Asali, mtori, maziwa mgando, hivyo vyote wanavihesabu ni maji. Kuna mama alibebewa asali lita nzima na wanawe kutoka nyumbani ikaishia kwenye pipa la taka, alilia. Asali iende kwenye begi kubwa, ifungwe vizuri. Nyama na maziwa kuingia Ulaya hairuhusiwi, hata kwenye begi kubwa, kwahiyo ile nyama ya kukaanga muile njiani, iishe. Beba chupa tupu ya maji, ukishapita ukaguzi unaijaza kwenye mabomba ya kunywea.

Chaja: ya kwetu ya pini tatu bapa inaingia Nairobi, Doha na Dubai. Addis, Istanbul na Amsterdam soketi zao ni za matundu mawili ya mviringo, nunua adapta Arusha au Moshi mjini, kule uwanjani utalipa bei mbaya. Pawabenki ikae kwenye begi la mkononi tu, kwenye begi kubwa ni marufuku, mwisho wat-saa 100 yani kama miliampea 27,000. Waifai nyingi ni za bure ila kuna viwanja wanakutumia kodi, yani namba za siri za kuingilia, kwa meseji, kwahiyo laini yako iwe imefunguliwa roming kabla hujaondoka, la sivyo kodi haifiki. Na piga skrinishoti tiketi, bukingi, namba za simu za wenyeji wako, ziwepo hata bila mtandao.

Hela nayo: shilingi ukishavuka hapa nyumbani ni ngumu kuibadilisha. Beba dola au yuro za noti ndogo ndogo, na kama una kadi ya benki waambie kabisa unasafiri waifungulie matumizi ya nje.

Umetua sasa. Fuata mabango ya transiti, sio ya kutoka, pita ukaguzi, halafu simama mbele ya skrini kubwa. Tafuta kwa namba ya ndege, usitafute kwa jina la mji tu, maana mji mmoja unaweza kuwa na ndege nne siku hiyo. Geti mara nyingi haliandikwi mapema, ukiwa na masaa tisa utakuta pamebaki wazi, hiyo ni kawaida, wala usiogope. Linatokea masaa mawili au lisaa limoja kabla, na linaweza kubadilika, so rudi kwenye skrini kila baada ya muda. Na usisubiri kuitwa kwenye spika! Schiphol, ndo uwanja wa Amsterdam, na Dubai ni viwanja vya kimya, hawatangazi kila ndege kama tulivyozoea stendi, ukikaa kusubiri jina lako litaitwa utaachwa. Hilo ndo lilimponza mama.

Mi utaratibu wangu ni huu, naanza na choo na kunawa uso, napiga mswaki, nabadilisha fulana, hapo tu mwili unaona umefika sehemu. Kama uwanja una bafu la kulipia na una masaa mengi oga, hela hiyo haipotei. Baadaye nakula kitu cha moto, kwa sababu nikilala na njaa usingizi hauji. Halafu natembea kwenda kuliona geti au hata eneo lake kama linajulikana, nahesabu dakika, maana Istanbul kutoka upande mmoja kwenda mwingine unaweza kutembea dakika ishirini kwa miguu ya kawaida. Nikishajua umbali ndo natafuta pa kulala.

Kulala kuna namna yake. Viwanja vingi vikubwa vina sehemu za kimya zenye viti vya kulaza mgongo, uliza. Usilale karibu na maduka wala ngazi za umeme. Kamba ya begi ipitishe mguuni au mkononi, pasipoti na hela viwe mwilini chini ya nguo, sio mfuko wa nje. Weka alamu mbili, moja masaa mawili kabla ya ndege na nyingine lisaa limoja na nusu, na simu iwe imejaa chaji. Kama mko wawili laleni kwa zamu. Mi nililala fofofo siku moja bila alamu kwenye uwanja mmoja huko, geti likahamishwa nikiwa usingizini, nikafika wanafunga mlango, na kulikuwa na mzee wa Kinigeria ambaye hakuwahi kabisa. Geti linafungwa dakika 15 au 20 kabla ya ndege kuruka, hiyo saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya ndege kuondoka, sio ya wewe kufika.

Kati ya kulala na kula tembea. Miguu ikikaa masaa manane kwenye ndege na mengine tisa kwenye kiti inavimba, na damu kuganda kwenye miguu ni kitu cha kweli hasa kwa wazee na wajawazito. Kunywa maji, nyanyuka kila lisaa, panda na kushuka. Vyumba vya sala vipo Doha, Istanbul, Dubai, Schiphol, pametulia na watu wanaheshimiana. Doha kuna bustani ya ndani yenye miti ya kweli, ilifunguliwa 2022, ukikaa pale unasahau uko uwanja wa ndege. Maduka ya pafyumu sina la kusema, angalia tu, ila chupa ukinunua hakikisha wameifunga kwenye mfuko wao maalum na usiufungue mpaka ufike mwisho wa safari.

Kutoka nje kwenda mjini? Piga hesabu hivi. Masaa tisa, toa lisaa limoja la kushuka na kupita uhamiaji, toa matatu ya kuwa umerudi uwanjani kabla, yamebaki matano, na humo kuna usafiri wa kwenda na kurudi. Chini ya masaa saba mi sitoki. Na viza lazima iwepo.

Nairobi ndo rahisi kwetu, Mtanzania haingii kwa viza, beba tu pasipoti na kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Ile barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa 2022 inapita hapo hapo uwanja wa ndege wa JKIA mpaka Westlands, inaokoa muda, lakini foleni za jioni za Nairobi usizichezee. Watalii wanaenda kuona wanyama, mtu wa Arusha mwenye Tarangire na Ngorongoro nyumbani sioni kama ana haja hiyo, nenda makumbusho ya reli au kaa mahali ule nyama choma utulie.

Addis ukipata nafasi, kwa hoteli ya kampuni au kwa viza yako, nenda Makumbusho ya Taifa ukamwone Lucy, wao wanamwita Dinknesh, mifupa ya kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu iliyopatikana 1974 Hadar, ina miaka kama milioni 3.2. Na hapa mtu wa Arusha asimame kidogo, zile nyayo za Laetoli kule Ngorongoro ambazo ni za zamani kuliko hata Lucy, wataalamu wanasema ni za jamii hiyo hiyo ya Lucy. Yani uko transiti unaangalia ndugu wa waliotembea kwetu. Mi nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama niko sawa. Ukitoka hapo kunywa kahawa yao, wanakaanga buni mbele yako, wanatwanga, wanachemsha kwenye jebena, unapewa kikombe mara tatu. Sisi wa Moshi tumelima kahawa toka enzi za babu na nyumba nyingi bado tunakunywa chai, nilijisikia vibaya kidogo, nikaanza kukaanga mwenyewe nyumbani.

Istanbul Turkish Airlines wana matembezi ya bure ya mji kwa abiria wao wenye transiti ya masaa 6 mpaka 24, basi, chakula na kiingilio juu yao, lakini lazima uwe na ruhusa ya kuingia Uturuki, kwahiyo shughulikia viza kabla. Schiphol treni inatoka chini ya uwanja, dakika kama kumi na tano ishirini uko Amsterdam katikati. Na ukiwa na viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, unaenda Berlin au Paris, uhamiaji unapita hapo hapo Schiphol, ukishapita unaweza kutoka. Ila foleni ya uhamiaji yenyewe inakula muda, transiti ya lisaa limoja na nusu hapo ni presha tupu.

Kwa wazee sasa, naomba mnisikilize hapa. Kampuni za ndege zina huduma ya kiti cha magurudumu na mtu wa kumsindikiza abiria, haina malipo, inaombwa wakati wa kukata tiketi au angalau masaa 48 kabla. Sio lazima awe mgonjwa, mzee asiyeweza kutembea umbali mrefu anaruhusiwa. Anapokelewa mlangoni mwa ndege, anapitishwa ukaguzi, anapelekwa mpaka geti. Mwandikie karatasi kwa Kiingereza yenye jina lake, namba za ndege zote mbili, anapoenda, namba yako ya simu na ya anayempokea, na sentensi moja ya kuomba aoneshwe geti na choo, iwe kwenye plastiki shingoni. Mfundishe kabla ya safari: choo unaruhusiwa, chakula unaruhusiwa, kiti sio chako peke yako wala hujafungwa nacho.

Mama safari ya pili tulifanya hivyo vyote. Masaa yalikuwa kumi na moja, mengi kuliko ya mwanzo. Alinipigia kwa waifai amejifunga kanga, ameshakula wali, ameshasali rozari yake kwenye chumba cha sala, akawa ananionesha kwa kamera ndege zilivyojipanga nje, akaniambia nisimcheleweshe anataka kulala kidogo, alamu ameshaweka.

Kitu cha mwisho, kwa wanaorudi. Tarehe ya kutua KIA mwandikie anayekuja kukupokea kwa Kiswahili hivyo hivyo, "usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu", maana kutoka Moshi au Arusha kuja pale ni mwendo, na ile njia ya kutokea barabara kuu mpaka uwanjani hutembei na mabegi usiku. Kadi ya njano iwe mkononi, hasa kama umepita Nairobi au Addis.